Kicheko cha Foleni

Kila siku ya kazi, saa 12 jioni kwa saa za London, Radio 4 ya BBC husoma taarifa ya habari kwa nusu saa nzima. Vita, bajeti, mafuriko, kesi za mahakamani. Ikigonga saa 12 na nusu, bila hata muziki wa kuvukia, vinaingia vichekesho. Navyo huchukua nusu saa, kisha saa 1 usiku inakuwa zamu ya The Archers, mchezo wa maisha ya kijijini unaorushwa nchi nzima tangu Januari 1951. Mpangaji wa ratiba anajua wasikilizaji wake wako wapi dakika zile. Baadhi wako jikoni wanamenya viazi, na wengi wako barabarani wakirudi kutoka kazini, kila mtu ndani ya gari lake, peke yake.

Saa 12 na nusu ya Dar es Salaam ni nyingine kabisa. Barabara ya Morogoro imejaa, ya Kilwa kuelekea Mbagala imejaa zaidi, na ndani ya daladala redio ni mali ya dereva. Abiria hakuichagua stesheni wala hakuulizwa sauti iwe kubwa kiasi gani. Siti ya mbele yuko mwalimu wa madrasa. Nyuma yake mama anayetoka Feri na ndoo yake ya samaki. Mlangoni wamesimama wanafunzi wa sekondari ambao konda hakutaka wakae. Na huenda katikati ya gari mtu amekaa bega kwa bega na baba mkwe wake. Mzaha ukitoka redioni unawafikia wote kwa mpigo, na hakuna anayeweza kujifanya hakusikia. Ipo mizaha ambayo mtu akiisikia peke yake atacheka hadi machozi, lakini akiisikia mbele ya mkwe ghafla atagundua kuna jambo la kutazama nje ya dirisha.

Ninavyoona mimi, umbo la kichekesho cha redio cha jioni hutokana na watu waliokaa ndani ya gari. Mtangazaji hawaoni, ila anawafahamu. Anayeamini anaongea na mtu mmoja aliyeshika usukani huchekesha kwa namna yake, na anayejua kuwa anasikika siti zote pamoja na waliosimama huchekesha kwa namna nyingine. Tofauti za lugha, za elimu na hata za adabu huja baada ya hiyo.

Nianze na Waingereza, maana kwao fani hii ina mizizi mirefu. ITMA ya Tommy Handley iliwachekesha kati ya 1939 na 1949, wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake. The Goon Show ya Spike Milligan, Peter Sellers na Harry Secombe ikaanza 1951, ikaifanya redio kuwa mahali pa milio na upuuzi ambao hakuna jukwaa lingeweza kuubeba. Hivyo vilikuwa vichekesho vya sebuleni, familia nzima ikiwa imeizunguka redio. Kilichokuja kumfaa mtu wa kwenye gari ni kitu kingine: mashindano ya maneno, watu 4 na mwenyekiti wao, wakitaniana mbele ya hadhira.

Just a Minute ilianza Desemba 1967, miezi 3 tu baada ya Radio 4 yenyewe kuanzishwa. Mshiriki hupewa mada, aizungumzie kwa dakika 1 bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada. Wenzake wanamvizia, akiteleza tu, wanamkatiza na kuichukua mada kwa sekunde zilizobaki. Mbunifu wake, Ian Messiter, alisimulia kwamba wazo lilimjia akiwa juu kwenye basi la ghorofa, alipomkumbuka mwalimu mmoja aliyemfuma anaota ndoto za mchana darasani na kumtaka arudie yote yaliyosemwa bila kusita. Nicholas Parsons alikiongoza kipindi hicho kwa zaidi ya miaka 50, mpaka alipokaribia kufariki Januari 2020.

Mswahili angeng'olewa mapema sana katika mchezo huu, na si kwa uhaba wa maneno. Msemaji wetu hodari hujenga kwa kurudia. Mtamba hadithi hukirudia kibwagizo mpaka watoto wakidake. Mgombea ubunge hulirudia jina la jimbo mpaka uwanja uitikie. Bibi akikukanya hukuambia jambo lile lile mara 3, kila mara kwa sauti tofauti. Takriri ndiyo inayoufungulia umati mlango wa kuingia ndani ya mazungumzo. Kanuni ya Messiter inaufunga mlango huo kwa makusudi. Inamtaka msikilizaji mmoja makini, ambaye ataligundua kosa sekunde moja kabla ya washiriki na kujisikia mjanja pale pale kwenye taa nyekundu. Huwezi kuucheza mchezo huo pamoja na abiria 30, kwa sababu wangekuwa wanasema wote kwa pamoja.

I'm Sorry I Haven't a Clue, kilichoanza 1972, kinakwenda mbali zaidi. Kwa miaka mingi mwenyekiti wake alikuwa Humphrey Lyttelton, mpiga tarumbeta wa jazi, aliyekiendesha kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kazi mpaka alipofariki 2008. Kuna mchezo humo uitwao Mornington Crescent, jina la kituo cha treni za chini ya ardhi. Washiriki wanataja vituo vya London kwa zamu, kwa uzito wa wacheza bao, wakibishana juu ya sheria na kusifiana kwa mbinu, hadi mmoja ataje Mornington Crescent na kushinda. Sheria hazipo. Hazijawahi kuwapo. Utani wote umekaa kwenye kujifanya kwamba zipo na kwamba kila mtu mwenye akili anazijua. Kuna pia Samantha, mhesabu alama, ambaye mwenyekiti humsifu na kumsimulia visa vyenye maana mbili, naye hayupo. Kituo chenyewe cha Mornington Crescent kilifungwa 1992, na kilipofunguliwa tena 1998 walioalikwa kwenye sherehe ni hao wachekeshaji.

Fikiria mgeni anayesikia hayo kwa mara ya kwanza: anadhani redio yake ina hitilafu. Aliyeyasikia kwa miaka 20, kwa upande wake, anajisikia mwanachama. Hapo ndipo ufundi wa Waingereza ulipo. Wanamchukua mtu aliyekaa peke yake kwenye foleni ya M25, barabara kuu inayoizunguka London, mvua inanyesha, wanamkalisha kwenye meza ya marafiki wanaofahamiana tangu ujana. Haruhusiwi kusema, ila anaruhusiwa kuelewa. Kicheko cha hadhira ya studio nacho kina kazi hiyo hiyo, kumpa mpweke watu wa kucheka nao. Sijawahi kukipenda kicheko hicho, na kwa muda mrefu nilidhani ni ushamba wa kuamriwa lini ucheke. Siku hizi namwelewa anayekihitaji. Ndani ya daladala kingekuwa kero, kwa sababu abiria hutaka kwanza kumtazama jirani usoni ndipo aamue.

Wafaransa wamekaa katikati. Les Grosses Têtes ya redio ya RTL, iliyoanza 1977 na kuongozwa na Philippe Bouvard hadi 2014, ni meza ya watu maarufu wanaocheka kwa sauti kubwa kupita kiasi alasiri nzima, lakini maswali wanayojibu hutumwa na wasikilizaji. Mlango umeachwa wazi kidogo. Marekani ilikuwa na Car Talk ya ndugu wawili wa Boston, Tom na Ray Magliozzi, mafundi wa magari waliosoma chuo cha MIT, waliosikika nchi nzima kupitia mtandao wa redio wa NPR kuanzia 1987 hadi 2012. Kilikuwa kipindi cha wikendi, lakini hakuna kilicholielewa gari kukishinda. Mtu anapiga simu, anaulizwa gari linalia vipi, na mtu mzima, wakili au daktari, analazimika kuguna na kukoroma hewani akiigiza injini yake. Tom anaangua kicheko kikubwa, mara nyingi akijicheka yeye mwenyewe.

Kwetu, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), kichekesho hakikuwa na uhusiano wowote na usukani. Magari binafsi yalikuwa ya kuhesabika, na redio ilisikilizwa barazani, chini ya mwembe, au kwa jirani aliyekuwa na betri. Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili waliotafuta kuzidiana, walikuwa na hadithi yenye mwanzo na mwisho, na mtu aliyetulia mkekani aliweza kuifuata. Kulikuwa na kipindi cha Mahoka pia. Kulikuwa na mwandishi aliyekaa chini akaandika, na waigizaji waliofanya mazoezi. Hata ilipofika 1993, RTD ilipoanzisha Twende na Wakati kwa ajili ya elimu ya uzazi wa mpango na UKIMWI, umbo lilikuwa lile lile la mchezo wa kuigiza, na mhusika wake aliyekumbukwa kuliko wote alikuwa Mkwaju, dereva wa lori la safari ndefu mwenye wanawake njia nzima.

Kisha redio za watu binafsi zikaja. Uganda ilitangulia 1993, Radio One ikafunguliwa Dar es Salaam 1994, Capital FM ikafuata Nairobi 1996. Miaka michache baadaye simu za mkononi zikaenea, na barabara zikaanza kujaa magari ya mitumba. Mchezo wa kuandikwa ukaanza kupotea katika saa za jioni, na nafasi yake ikachukuliwa na watangazaji wawili au watatu wanaopiga soga. Watu wengi hulaumu uvivu, kwamba vijana hawataki kuandika. Uvivu upo, sibishi. Lakini tazama abiria wa daladala anavyosafiri: anapanda Manzese hadithi ikiwa katikati, anateremka Kimara kabla haijaisha. Hadithi ya dakika 20 haimfai. Anayetoka kazini kwa gari lake mwenyewe Uingereza anaweza hata kukaa nje ya nyumba injini ikiwa inanguruma ili amalizie kipindi; hapa ukishindwa kusema shusha kwa wakati, utarudi kwa miguu kituo kizima. Soga ya redioni inaingilika popote na inatokeka popote, kama maongezi ya kijiweni.

Na soga ilipata mabingwa wake. Jahazi ya Clouds FM, kwa miaka mingi ikiwa na Ephraim Kibonde na Gardner Habash, ilikuwa sauti ya jioni ya Dar es Salaam kwa watu wengi kuliko taarifa yoyote ya habari. Kibonde alifariki Machi 2019, Gardner Aprili 2024, na misiba yote miwili ilionyesha kwamba watu waliwahesabu kama wasafiri wenzao. Ukiwasikiliza uliweza kudhani hakuna walichoandaa. Habari ndogo ya gazetini, ugomvi wa jirani, bei ya nyanya, kisha mmoja anamchokoza mwenzake na mwenzake anarudisha. Msingi wake si mgeni. Ni utani.

A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, aliandika makala maarufu juu ya utani 1940. Alieleza uhusiano ambao mtu anaruhusiwa, na wakati mwingine anatakiwa, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Akatenganisha aina mbili: utani wa pande zote mbili, ambapo kila mmoja humrudishia mwenzake, na ule wa upande mmoja, ambapo mmoja hupiga na mwingine hupokea. Wanyamwezi na Wazaramo, waliofahamiana kupitia misafara iliyoshuka pwani, ni watani wa aina ya kwanza. Babu na mjukuu ni watani. Simba na Yanga, zilizoanzishwa 1936 na 1935, ni watani wa jadi, na Jumatatu baada ya mechi hakuna kipindi cha jioni ambacho hakiwashughulikii waliofungwa. Aliyefungwa anapiga simu kujitetea, na ndani ya daladala dereva wa timu iliyoshindwa anajibiwa na abiria wa siti ya nyuma ambaye hawajaonana maisha yao yote.

Jambo ambalo watu wa nje hulishangaa ni mtani msibani. Watu wanalia, naye analizuia jeneza njiani akidai deni la uongo, anaiga mwendo wa marehemu, anawaomba wafiwa hela ya soda. Wafiwa wanacheka wakiwa bado na machozi. Nikiitazama ratiba ya Radio 4, habari za vita dakika 30 kisha mzaha, naona watu waliofikia hitaji lile lile kwa njia nyingine. Ila kwao mzaha unasubiri huzuni imalizike, umepangiwa saa yake, na aliyefikwa na msiba wa kwenye habari hayupo chumbani. Mtani wetu anaingia katikati ya kilio, mbele ya mwenye msiba, kwa sababu ana haki ya kuwapo. Kesho msiba ukiwa kwake, yatamrudia.

Haki hiyo ya kurudishiwa ndiyo ninayoitumia kupimia vichekesho vyote vya redio, vya huko na vya huku. Amos 'n' Andy ilianza Chicago 1928, na kuanzia 1929 ikasikika Marekani nzima kupitia NBC. Ilipendwa hata kumbi za sinema zikawa zinasimamisha filamu ili watu waisikilize. Waigizaji wake, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa Wazungu waliojifanya Weusi. Gazeti la watu Weusi la Pittsburgh Courier liliendesha kampeni ya kuipinga 1931, likilenga saini milioni 1, na kipindi kikaendelea kwa miaka mingi kana kwamba hakuna aliyesema. Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago iliingiza sokoni redio ya gari, Motorola, kwa hiyo huenda miongoni mwa vicheko vya kwanza kusikika ndani ya gari linalotembea kulikuwa na kicheko cha kuwacheka watu ambao jibu lao halikuwa na kipaza sauti.

Miaka michache baadaye kipindi cha Jack Benny kilimleta Eddie Anderson, mwigizaji Mweusi, katika nafasi ya Rochester, mtumishi wa bwana bahili mwenye gari bovu. Alisikika mara ya kwanza 1937. Bado alikuwa mtumishi, na baadhi ya mizaha ya miaka ya mwanzo inauma kuisikiliza leo. Lakini Rochester alijibu. Alimcheka bosi wake kwa ubahili, kwa nywele, kwa umri wake wa uongo, na hadhira ikawa upande wake. Sisemi hilo lilifuta ubaguzi. Linaonyesha tu kwamba hata msikilizaji wa Marekani ya 1937 alitambua utamu wa jibu.

Kenya inanipa mifano ya kutatanisha zaidi. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliendesha Je, Huu ni Ungwana? tangu 1966. Alisimulia tabia ya mtu fulani asiyetajwa, anayekula kwa kelele mezani au mkata foleni, kisha akamwachia msikilizaji swali. Hakumtaja mtu, na kila mtu alimjua. Ni adabu ya pwani hiyo, fumbo linalorushwa hewani ili mwenyewe alidake. Daniel Ndambuki naye, kama Mwalimu King'ang'i wa Classic 105, aliteka asubuhi za Nairobi kwa lafudhi nzito ya Kikamba, na mwenyewe ni Mkamba. Katika nchi iliyotoka kwenye machafuko ya 2007 na 2008, ambako lafudhi ya mtu iliweza kumgharimu maisha, kujicheka mwenyewe kulikuwa na hekima. Kenya haina mkataba wa utani baina ya makabila kama tulio nao sisi, hivyo mchekeshaji anachukua dhihaka na kuipokea yeye mwenyewe.

Kuna Patanisho ya Radio Jambo, ya Gidi na Ghost. Inasikika asubuhi, lakini maongezi yake hufika jioni yakiwa bado moto. Mume amegombana na mke, anaomba apatanishwe, watangazaji wanampigia mke simu, na nchi inasikiliza. Si kichekesho, wanasema wenyewe. Abiria wa matatu wanacheka hata hivyo. Nimejaribu kuipima kwa kipimo changu na haikai vizuri. Mke anapata nafasi ya kujibu, na mara nyingi jibu lake ndilo linalovunja mbavu, lakini alikuwa jikoni dakika moja kabla na hakuomba kuwa hewani. Aliyepiga simu alijiandaa, yeye amevamiwa. Mtani wa kweli humkuta mwenzake amejiandaa.

Mahali pengine kipimo hakisumbui hata kidogo. Machi 2021 watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha kituo kimoja cha Nairobi walimfanyia mzaha mwanamke aliyeanguka kutoka ghorofani, huku mtu aliyetuhumiwa kumsukuma akiwa na kesi, wakamtupia lawama mwanamke huyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikakisimamisha kipindi kwa miezi 6, na watangazaji 3 wakafukuzwa. Walijitetea kwa namna ambayo wachekeshaji wote hujitetea. Mwanamke alikuwa hospitalini.

Na kuna RTLM. Wanaoikumbuka redio ile ya Rwanda kwa maneno yake ya uchochezi wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 husahau kwamba ilipoanza Julai 1993 ilipendwa kwa sababu ilikuwa na raha: muziki mzuri, lugha ya baa, na watangazaji kama Kantano Habimana waliojua kuchekesha. Wasikilizaji walikuja kwa ajili ya kicheko. Hukumu ya kesi ya vyombo vya habari ilisomwa Arusha Desemba 2003, kwa hiyo haikuwa mbali nasi hata kwa kilomita. Sitaki kuilinganisha na soga ya jioni ya Dar es Salaam, hazifanani. Naitaja kwa sababu waliokuwa wakichekwa walikuwa wamekwisha kutolewa ndani ya gari, na mtangazaji alijua.

Nirudi kwenye foleni. Tofauti moja kubwa kati yetu na Waingereza haina ushairi wowote: ni pesa. Nusu saa ya Radio 4 inalipiwa na ada ya leseni ya televisheni, haina tangazo hata moja, na inaweza kumlipa mwandishi. Soga yetu inalipiwa na kampuni za simu na za kubashiri matokeo ya mechi, na kila baada ya dakika chache mchekeshaji anageuka kuwa muuzaji. Matokeo yake, vijana wenye kipaji cha kuandika wamekimbilia kwenye simu, wanatengeneza vichekesho vya dakika 1 vinavyotazamwa na mtu mmoja aliyeziba masikio kwa spika ndogo ndani ya gari lenye watu 40. Dar es Salaam inapata sasa msikilizaji wa peke yake, bila gari lake na bila M25. Na mizaha imeanza kumfuata: ya ndani zaidi, ya kikundi, yenye majina ambayo jirani yako hayajui. Mingine ni mizuri sana. Mingine isingethubutu kutoka kwenye redio ya dereva, mwalimu wa madrasa akiwa siti ya mbele, na sina hakika kama huo ni uhuru au ni kukosa mtu wa kukutazama.

Ningepewa nusu saa kwenye stesheni yoyote ya Dar es Salaam, saa 12 na nusu jioni, ningewarudisha wajanja wawili wa aina ya Pwagu na Pwaguzi, kwa maandishi kamili na waigizaji waliofanya mazoezi. Ningewakata vipande vya dakika 3, kila kimoja kikisimama chenyewe, ili aliyepanda Ubungo asihitaji kuulizia yaliyotokea Magomeni. Nisingeweka kicheko cha studio. Dakika ya mwisho ningeiacha kwa simu ya abiria mmoja aliye ndani ya daladala, konda akisikika nyuma yake akitaja vituo, naye aipinge hadithi yote akitaka na kuwaambia wale wajanja wamekosea wapi. Mdhamini angelalamika kuwa dakika hiyo haina tangazo lake, na pengine angekuwa na hoja, maana abiria angeweza kumtania na yeye.